Ng'ombe haonyeshi joto: soma ovari kwanza, ndipo uchague sindano

Ng'ombe aliyezaa akapitisha siku 60 bila kuonyesha joto huwa katika moja ya hali nne. Huenda ana mimba ambayo mwenye ng'ombe hana habari nayo, kwa sababu dume la jirani lilikata kamba usiku mmoja. Huenda anapata joto kila baada ya siku 21 lakini hakuna anayemwona, maana mchana kutwa yuko kwenye kamba chini ya mnazi na usiku yuko kwenye kamba uani. Huenda ovari zake zimelala, hazikuzi yai hadi mwisho. Au ana tatizo la kizazi: usaha ndani ya mfuko wa uzazi, au uvimbe wa maji kwenye ovari. Ukiwatazama kwa nje wanafanana wote wanne. Kwa sindano hawafanani hata kidogo: dawa inayomfaa wa pili itamtoa mimba wa kwanza, na wa tatu haitamfanya lolote.

Homoni ya chupa haiumbi kitu kipya ndani ya ovari. Inakisukuma, inakizuia au inakivunja kilichokuwemo. Kwa hiyo kazi ya mhimilishaji (anayepandisha ng'ombe kwa mbegu za mrija), daktari wa mifugo na mfugaji ni kujua kwanza kilichomo. Pesa nyingi za wafugaji wa Unguja na Pemba hupotea hapo, kwa sindano nzuri iliyochomwa kwa ng'ombe asiyestahiki.

Siku 21 ndani ya ovari

Hesabu huanza siku ya joto, tunayoiita siku 0. Siku hiyo kuna folikuli moja kubwa, yaani kijifuko cha maji chenye yai ndani yake. Folikuli hiyo inatoa estrojeni nyingi. Estrojeni ndiyo inayomfanya ng'ombe asimame atulie akipandwa, ndiyo inayotoa ute, na ndiyo inayoiambia tezi ya pituitari chini ya ubongo imwage homoni ya LH kwa mkupuo. Tangu joto lianze hadi yai litoke hupita kiasi cha saa 24 hadi 32. Kwa kawaida basi yai linatoka joto limeshakwisha, saa 10 hadi 14 baada ya ng'ombe kuacha kusimama.

Pale folikuli ilipopasuka hujengeka mwili wa manjano, unaotoa projesteroni. Siku 5 za mwanzo bado ni mchanga. Tangu siku ya 6 hivi hadi ya 16 umekomaa, na projesteroni yake inaizuia pituitari isimwage LH. Folikuli lakini hazisimami. Homoni ya FSH huziamsha kwa mawimbi, mawili au matatu katika mzunguko mmoja. Katika kila wimbi folikuli moja huwashinda wenzake, hukua, kisha hufa kwa kukosa LH.

Karibu na siku ya 16 hadi 18, mfuko wa uzazi usiopata habari ya kijusi hutoa prostaglandini. Mwili wa manjano huvunjika, projesteroni hushuka ndani ya siku moja, na folikuli kubwa ya wimbi la mwisho inapata nafasi ya kukomaa. Joto linarudi. Kijusi kikiwepo, hutoa protini yake mapema kuzuia prostaglandini, na mwili wa manjano unabaki kuilinda mimba.

Dawa zote tunazotumia zinaiga hatua hizo. GnRH, ambayo ni homoni ya ubongo, huifanya pituitari imwage LH, na folikuli iliyo tayari hupasuka. Prostaglandini huvunja mwili wa manjano. Kifaa cha projesteroni kinachowekwa ukeni huchukua nafasi ya mwili wa manjano kwa muda, na kikitolewa ni kama mwili wa manjano umevunjika.

Ng'ombe wetu wa kienyeji ni zebu, na zebu ana mambo yake. Joto lake ni fupi, mara nyingi kiasi cha saa 10, na aghalabu huanza usiku. Folikuli yake ya kupasuka ni ndogo kuliko ya Friesian. Mwili wake wa manjano nao ni mdogo na umezama ndani ya ovari, kwa hiyo hata mkono wenye uzoefu huweza kuukosa. Chotara wa Jersey, Ayrshire au Friesian wako katikati, kwa kadiri ya damu waliyobeba.

Kabla ya kufungua chupa

1. Uliza na uandike: tarehe aliyozaa, kama kondo la nyuma lilitoka lenyewe, kama ndama bado ananyonya na mara ngapi kwa siku, joto la mwisho lilionekana lini, na kama kuna dume karibu. Usimalize kabla ya kumuuliza anayemhamisha ng'ombe kamba kila siku. Huyo ndiye anayejua, na mara nyingi si mwenye ng'ombe.

2. Pima hali ya mwili kwa kipimo cha 1 hadi 5. Simama nyuma na ubavuni. Ukihesabu mbavu zote kwa macho na mifupa ya nyonga imechongoka, huyo yuko chini ya 2. Ng'ombe wa kuanzishiwa homoni awe 2.5 au zaidi, yaani mbavu mbili tatu za mwisho zinaonekana kwa mbali na mgongo haujachongoka. Chini ya hapo pituitari haitoi LH kwa mapigo ya karibu karibu, na folikuli haikui hadi kupasuka. Mpe chakula kwanza. Ng'ombe wa kilo 300 anataka majani mabichi kilo 40 hadi 50 kwa siku, pumba na mashudu ya nazi kilo 2 hadi 4 kwa kadiri ya maziwa, chumvi ya madini gramu 50 hadi 100, na maji asiyopimiwa. Inachukua wiki 6 au zaidi kuona tofauti, na hakuna sindano inayozifupisha wiki hizo.

3. Tafuta sababu ya kukonda. Unguja ilisafishwa mbung'o kwa kuachia madume yaliyofanywa tasa, na mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Kwa hiyo ng'ombe aliyekonda Dunga au Bambi usimsingizie malale. Angalia kupe na maradhi yake, ndigana kali na ndigana baridi, angalia minyoo, angalia chakula. Ng'ombe mwenye homa hachomwi homoni ya uzazi.

4. Pima mimba. Mkono ulioingia kwa njia ya haja kubwa unaijua mimba kwa uhakika kuanzia siku 45 hadi 60, kutegemea mpimaji. Kwa altrasaundi ni siku 28 hadi 30. Kama kuna uwezekano wa mimba changa ambayo mkono hauwezi kuijua, rudi baada ya siku 30. Usibahatishe. Prostaglandini hutoa mimba kirahisi hadi kiasi cha mwezi wa 5.

5. Papasa ovari zote mbili na uandike ulichokuta kwa kila upande. Ovari yenye mwili wa manjano huwa na uvimbe imara, sentimita 2 hivi, pengine na kichwa kilichochomoza. Folikuli huwa laini na hubonyea. Ovari zilizolala ni ndogo, bapa, nyororo pande zote, na mfuko wa uzazi umelegea. Ukikuta ovari nyororo mara moja usikate shauri: rudi baada ya siku 10. Aliyekuwa siku ya 1 au ya 2 baada ya joto atakuwa ameshaota mwili wa manjano. Aliyelala kweli atakuwa vilevile. Ziara hiyo ya pili wengi huiruka, nayo ndiyo inayotenganisha hali ya pili na ya tatu.

Kumwona joto ng'ombe wa kamba

Alama ya uhakika ya joto ni moja tu: ng'ombe anapandwa na mwenziwe akatulia. Ng'ombe aliyefungwa peke yake konde nzima hawezi kuionyesha. Ndiyo maana visiwani kwetu ng'ombe wengi wanaoitwa tasa hawana ubaya wowote.

Kwa hiyo mfungue. Nyakati tatu zinatosha: alfajiri kabla hajatolewa, alasiri anaporudishwa, na baada ya sala ya isha. Wakutanishe ng'ombe wawili au zaidi ndani ya ua kwa dakika 20 hadi 30 kila wakati, kabla ya kuwapa chakula. Wakiwa na pumba mbele yao hawana habari na lolote. Asiye na ng'ombe wa pili apatane na jirani. Afadhali hata ndama dume mkubwa wa miezi 8 aliyehasiwa kuliko kukosa. Mchana wa Kaskazi, kati ya Disemba na Machi, ng'ombe huficha joto lake kwa sababu ya hari, kwa hiyo saa ya usiku ndiyo usiyoiacha.

Kwenye kamba kuna dalili za pili ambazo mwenye macho huziona. Kamba imejizungusha shina la mnazi hadi fupi kabisa. Ndani ya duara lake majani yamekanyagwa lakini hayakuliwa. Analia akisikia wenzake, maziwa ya jioni yamepungua bila sababu, anakojoa kidogo kidogo. Ute mweupe unaoona hadi ng'ambo yake, kama ute wa yai bichi, unaning'inia au umegandia mkiani na kwenye mapaja. Ukiona manyoya ya juu ya shina la mkia yamechakaa na kuna tope la kwato ubavuni, amepandwa usiku.

Ukiona damu kwenye ute, joto limepita siku 1 hadi 3 nyuma. Hii ni kawaida, hasa kwa mitamba, na haina maana kwamba ameshika wala hakushika. Usimhimilishe. Andika tarehe, hesabu siku 18, na tangu hapo mtazame kwa makini.

Aliyeonekana joto alfajiri ahimilishwe alasiri ya siku hiyo hiyo. Aliyeonekana alasiri au usiku ahimilishwe asubuhi inayofuata. Kwa zebu usivute zaidi ya hapo.

Mfanye hivi kwa siku 21 kamili kabla ya kufikiria homoni. Wengi wataonekana, na hawatahitaji chupa.

Mwenye mwili wa manjano: prostaglandini

Huyu ndiye anayefaa kwa dawa ya bei ndogo na hatua chache. Dozi ya ng'ombe mzima ni kloprostenoli mikrogramu 500, ambayo kwa chupa ya mikrogramu 250 kwa mililita ni mililita 2. Au dinoprosti miligramu 25, ambayo kwa chupa ya miligramu 5 kwa mililita ni mililita 5. Soma nguvu ya dawa kwenye chupa kila mara, maana chupa mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana.

Chomea kwenye msuli wa shingo, si kwenye mafuta wala nundu. Tumia sindano mpya yenye urefu wa sentimita 3 hadi 4. Safisha ngozi hadi iwe kavu na safi: sindano chafu ya prostaglandini inajulikana kuacha maambukizi mabaya ya bakteria ndani ya msuli, na ng'ombe akavimba au akafa.

Usalama wa mshikaji hauna mjadala. Prostaglandini hupenya kwenye ngozi ya binadamu. Mwenye mimba na mwenye pumu wasiishike, wasisimame upande wa sindano. Kwetu mara nyingi mama wa nyumba ndiye anayemshika ng'ombe, kwa hiyo muulize mapema, kwa heshima na faragha, na kama kuna shaka atafutwe mshikaji mwengine. Vaa glavu. Ikimwagikia, osha papo hapo kwa sabuni na maji mengi.

Joto hutokea siku 2 hadi 5 baada ya sindano. Tofauti hiyo haitokani na dawa. Ng'ombe aliyekuwa na folikuli kubwa tayari atakuja siku ya 2 au ya 3, na yule ambaye wimbi lake ndio kwanza linaanza atakuja siku ya 4 au ya 5. Kwa hiyo mhimilishe anapoonekana joto; usipange tarehe ukamfuata nayo.

Ukiwa na ng'ombe kadhaa wanaozunguka vizuri na huna wa kuwapapasa mmoja mmoja baada ya kuhakikisha hawana mimba, sindano moja itawashika kiasi cha 6 katika 10, wale waliokuwa kati ya siku ya 6 na ya 17. Wengine rudia siku ya 11 hadi 14, na hapo karibu wote watakuwa na mwili wa manjano uliokomaa. Mtamba siku 11 zinamtosha, ng'ombe aliyezaa mpe 14.

Sindano tatu kwa tarehe maalumu

Pale ambapo joto haliwezi kuangaliwa, kuna mpango unaojulikana kama Ovsynch. Unampeleka ng'ombe hadi kwenye yai kutoka kwa saa iliyopangwa, aonekane joto asionekane. Mfano wa kalenda:

Jumatatu ya kwanza, saa 1 asubuhi: GnRH, gonadorelini mikrogramu 100 au buserelini mikrogramu 10.

Jumatatu ya pili, saa 1 asubuhi: prostaglandini, dozi ileile ya juu.

Jumatano, saa 9 alasiri, saa 56 baada ya prostaglandini: GnRH ya pili.

Alhamisi, saa 1 asubuhi, saa 16 baadaye: himilisha.

Sindano ya kwanza inapasua folikuli kubwa iliyopo, na wimbi jipya huanza baada ya siku 2 hivi. Siku 7 baadaye kuna folikuli mbichi yenye afya, na mwili wa manjano wa kuvunja. Sindano ya mwisho inaipasua folikuli hiyo kwa saa. Mpango huu unategemea saa, si siku tu. Aliyechoma Jumatano baada ya magharibi badala ya saa 9 na akaja kuhimilisha Alhamisi saa 1 amehimilisha mapema mno kabla ya yai kutoka, na hapo lawama haimhusu ng'ombe.

Panga kalenda kutoka siku ya mwisho kurudi nyuma. Siku ya kuhimilisha isiangukie Idi wala Ijumaa mchana. Kwa Pemba, usichome sindano ya kwanza kabla hujauona kwa macho yako mtungi wa naitrojeni unaohifadhi mbegu na kupima kina chake kwa kijiti. Bahari ikichafuka na mzigo ukachelewa, ng'ombe hawezi kusubiri.

Wachache watapata joto kabla ya wakati, hasa kati ya prostaglandini na sindano ya mwisho. Ukimwona, mhimilishe kwa kanuni ya kawaida na uache sindano zilizobaki. Na elewa upungufu wa mpango: ovari zilizolala kweli haziitikii vizuri, na kwa mitamba matokeo huwa dhaifu zaidi kwa sababu mawimbi yao ni ya haraka.

Ovari zilizolala: kifaa cha projesteroni

Huyu ni ng'ombe aliyezaa, ananyonyesha, ovari nyororo ziara zote mbili. Kunyonya kwa ndama kunaifunga LH ya mama. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina dawa: ndama anyonye mara mbili kwa siku tu, dakika 15 hadi 30 baada ya kukamua, na muda uliobaki akae mahali ambapo mama hamwoni wala hamsikii. Kwa ng'ombe mwenye hali ya 2.5 hilo peke yake huamsha baadhi ya ovari ndani ya wiki chache.

Asiyeamka awekewe kifaa. Kifaa hicho cha plastiki chenye projesteroni kinaizoesha tena haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoiamuru pituitari, ile hali ya projesteroni kupanda na kushuka. Ng'ombe aliyelala hana hali hiyo, na bila hiyo joto la kwanza huwa kimya na mwili wa manjano hufa mapema.

Siku 0, saa 1 asubuhi. Mfunge kwenye kibanio cha miti, mkia upande mmoja. Osha midomo ya uke kwa sabuni, suuza, kausha kwa karatasi. Chovya kiwekeo kwenye dawa ya kuua vijidudu, weka kifaa mabawa yakiwa yamekunjwa, paka kilainishi. Ingiza kikielekea juu kidogo kwanza ili kukwepa tundu la mkojo, kisha sawa hadi kikome, sukuma, toa kiwekeo taratibu. Ukipiga nguvu ujue umekosa njia. Uzi wa kifaa ubaki nje kwa chini. Kisha choma estradioli benzoati, aina ya estrojeni, miligramu 2 msulini, ambayo huanzisha wimbi jipya baada ya siku 4 hivi.

Siku 8, saa 1 asubuhi. Vuta uzi chini na nyuma kwa mvuto mmoja usiokatika. Kitatoka na ute mchafu wenye harufu. Ni mwasho wa ukeni, nao huisha wenyewe. Choma prostaglandini, na eCG (homoni itokayo kwa farasi mwenye mimba) yuniti 300 kwa zebu mdogo au 400 kwa chotara. eCG ndiyo inayobeba mzigo kwa ng'ombe aliyekonda kidogo na anayenyonyesha, kwa sababu inafanya kazi ya FSH na LH kwa pamoja na hukaa mwilini siku kadhaa. Usizidishe ukidhani utasaidia: dozi kubwa hupasua folikuli mbili tatu, na pacha kwa ng'ombe mdogo ni balaa wakati wa kuzaa. Ndama atengwe saa 48 kuanzia hapa. Mama akamuliwe, na ndama apewe maziwa kwa ndoo.

Siku 9, saa 1 asubuhi. Estradioli benzoati miligramu 1.

Siku 10. Himilisha kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, yaani saa 52 hadi 56 tangu kifaa kutoka.

Estradioli si kila mahali inaruhusiwa kwa mnyama wa chakula. Umoja wa Ulaya wameipiga marufuku. Daktari wa mifugo ndiye wa kuamua. Bila hiyo, weka kifaa pamoja na GnRH siku 0, toa siku ya 7 na uchome prostaglandini, kisha himilisha saa 60 hadi 66 baadaye ukichoma GnRH wakati huohuo wa kuhimilisha. Kwa mitamba iwe saa 54.

Dawa zenyewe ni dhaifu mbele ya hari yetu. Nyingi zinataka kukaa chini ya nyuzi 25, mbali na mwanga, na eCG ya unga inataka jokofu, nyuzi 2 hadi 8; ikishachanganywa itumike siku hiyo. Chupa iliyozunguka ndani ya kisanduku cha vespa kutoka Chake Chake hadi Konde mchana wa Februari usiitegemee. Beba kwenye boksi la barafu, na barafu isiigusie chupa.

Siku yenyewe

Yeyusha mrija wa mbegu kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 45, ukipima kwa kipimajoto, si kwa kidole. Kausha mrija hadi usibaki unyevu, maana tone la maji linaua mbegu. Tumia ndani ya dakika 15, kivulini. Achia mbegu mbele tu ya shingo ya kizazi, kwenye mwili wa mfuko wa uzazi, taratibu kwa sekunde 5. Usimkimbize ng'ombe kabla wala usimpige; mshituko hupunguza LH. Baada ya hapo abaki kivulini na maji.

Palipoharibika

Ng'ombe anayepata joto kila baada ya siku chache bila mpango, shina la mkia limeinuka na viungo vya nyonga vimelegea, mpapase. Folikuli inayozidi milimita 25, isiyoondoka kwa siku 10 na bila mwili wa manjano, ni uvimbe wa maji. Wapo wanaoupasua kwa kuuminya kwa vidole. Tunasisitiza usifanye: unavuja damu, na ovari inaweza kuganda na mrija wake milele. Choma GnRH, na siku 7 baadaye prostaglandini.

Usaha ukitoka, au mfuko wa uzazi ukiwa mzito wenye maji na mwili wa manjano usioondoka, prostaglandini ni tiba: inavunja mwili wa manjano, inaleta joto, shingo inafunguka na kizazi kinajisafisha. Joto hilo usihimilishe. Subiri ute uwe safi kabisa kwenye joto linalofuata.

Aliyechomwa prostaglandini hakuonekana joto, mpapase siku ya 7 hadi 10. Mwili wa manjano mpya una maana alipata joto hakuna aliyemwona. Hakuna kitu chochote: ulikosea tangu mwanzo, alikuwa amelala.

Kifaa kikianguka kabla ya siku ya 7, programu imekufa, anza upya. Mara nyingi ng'ombe wa pili ndiye aliyetafuna uzi, kwa hiyo ukate mfupi kwa waliofungwa pamoja.

Aliyehimilishwa mara tatu hajashika usimwongezee homoni. Angalia mbegu na mtungi, angalia saa za kuhimilisha, chukua sampuli za maradhi. Palipotokea kutupa mimba, kapime bruselozi, maradhi ya kutupa mimba yanayoambukiza na watu; kitoto na kondo visishikwe kwa mkono mtupu, na maziwa yachemshwe.

Baada ya kuhimilisha, rudi kwenye zile nyakati tatu za kuangalia tangu siku ya 18 hadi ya 24. Akirudi siku ya 21, hakushika. Akirudi siku ya 30 au ya 35, huenda alishika na kijusi kikafa, jambo linalotokea zaidi katika miezi ya hari. Asiporudi, apimwe mimba siku ya 60, hata kama tumbo linamridhisha mwenyewe, na apimwe tena mwezi wa 5. Tarehe zote ziandikwe kwenye daftari moja linalokaa kwa mfugaji, si kwa mhimilishaji, maana mhimilishaji hubadilika.